Rick Griffin: Mchoraji wa Matangazo ya Dansi, Sinema na Imani

Miongoni mwa kazi za mikono ambazo historia huzisahau upesi, tangazo la ukutani ni moja. Hubandikwa leo, husomwa kesho, na siku ya tatu mvua hulichana au tangazo jingine hubandikwa juu yake. Mwandishi wa kitabu hutumaini kusomwa na wajukuu. Mchoraji wa tangazo ameagizwa asomwe kabla ya Ijumaa. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wamezoea kuliweka tangazo katika fungu la biashara, wakaiachia sanaa picha zile zinazotiwa katika fremu na kutundikwa ndani ya majumba. Lakini wako wachoraji wachache ambao maisha yao yatulazimisha kuupima upya mgawanyo huo, na mmoja wao ni Rick Griffin wa California, aliyechora matangazo ya dansi za muziki wa roki, kisha matangazo ya sinema, kisha picha za Injili.

Katika makala haya nitaieleza kazi yake kwa mfuatano wa miaka, na kwa njia hiyo nitajaribu kuthibitisha jambo moja: kwamba tangazo, kabla ya kuwa picha, ni mwito kwa jamaa fulani ya watu, na kwamba mtu asiyeijua jamaa hiyo hawezi kulisoma tangazo lenyewe, hata akizijua herufi zake zote.

Griffin alizaliwa tarehe 18 Juni 1944, akakulia katika rasi ya Palos Verdes, kusini ya mji wa Los Angeles. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa pia kuchunguza mambo ya kale, naye alimchukua mwanawe katika safari za nyika za kusini-magharibi ya Marekani, penye miji iliyohamwa na athari za wenyeji asilia wa nchi ile. Yafaa msomaji ayaweke mambo hayo moyoni, maana sura za wenyeji hao na mtindo wa herufi za magharibi ya kale zitaonekana tena katika kazi zake.

Huko pwani alijifunza mchezo ambao watu wa visiwa vya Hawaii waliucheza tangu zamani. Mtu husimama juu ya ubao, akalipanda wimbi linapoinuka, akateleza nalo mpaka karibu na ufuko. Katika miaka ya 1950 vijana wa California waliupenda mchezo huu kupita kiasi, wakawa kama kabila dogo lenye maneno yake, mavazi yake na mashujaa wake. Kabila hilo lilikuwa na sinema zake pia. Hazikuonyeshwa sana katika majumba ya kawaida. Mtengenezaji mwenyewe alikodi ukumbi wa shule au wa mji, akasimama mbele ya watu kuyaeleza yaliyopigwa, na kabla ya siku ile alizunguka na matangazo yake akiyabandika kwenye nguzo na madukani.

Mmoja wa watengenezaji hao alikuwa John Severson, mpanda mawimbi, mchoraji na mpiga picha. Mwaka 1960 alitoa kijitabu kiitwacho *The Surfer* kwa kusudi la kuitangaza sinema yake *Surf Fever*. Watu wakakinunua, na kijitabu kikageuka kuwa gazeti la kudumu. Mwaka uliofuata Griffin, naye bado kijana wa miaka 17 hivi, akaanza kulichorea gazeti hilo katuni za mvulana aitwaye Murphy, mpanda mawimbi mfupi, mwenye nywele za dhahabu na furaha isiyokwisha. Murphy akapendwa na vijana wote wa pwani. Tazama basi jinsi mambo yalivyofungamana: gazeti lililomlea mchoraji huyu lilizaliwa kama tangazo la sinema, na wasomaji wake walikuwa watu wanaojuana kwa ishara ambazo mgeni hakuweza kuzifahamu. Griffin alijifunza uchoraji katika shule hiyo kabla ya kuingia chuo cha sanaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alipatwa na msiba. Akiwa njiani kwenda San Francisco kwa kuomba lifti, gari alilopanda likapata ajali, naye akaumia vibaya sana usoni. Jicho lake la kushoto lilitoka mahali pake. Akazimia kwa muda, akapona, lakini kovu halikufutika, na kwa kipindi fulani alivaa kitambaa cha kulifunika jicho hilo. Baadaye aliingia Chouinard Art Institute huko Los Angeles, chuo mashuhuri cha sanaa, ndipo alipokutana na Ida Pfefferle aliyekuja kuwa mkewe. Akafuatana pia na kikundi cha wachoraji na wanamuziki kilichojiita Jook Savages.

Wakati huo jambo jipya lilikuwa likitokea San Francisco. Kuanzia mwaka 1966 waandaaji wawili wa dansi, Bill Graham katika ukumbi wa Fillmore na Chet Helms wa kikundi cha Family Dog katika ukumbi wa Avalon, walikuwa wakileta bendi za roki kila mwisho wa juma. Kila dansi ilihitaji tangazo, na kwa kuwa dansi zilifuatana bila kukoma, wachoraji vijana walipata kazi bila kukoma. Mabango yale hayakuwa makubwa. Mengi ya Fillmore yalikuwa na kimo cha inchi 22 na upana wa inchi 14 hivi. Lakini hakuna mtu aliyekuwa ameona matangazo ya namna ile.

Wa kwanza kuwashangaza watu alikuwa Wes Wilson. Huyu alichukua mfano wa herufi za Alfred Roller, mchoraji wa Vienna wa mwanzo wa karne ya 20, akazivimbisha na kuzipinda mpaka zikajaza kila nafasi ya karatasi, kama moto au maji. Mwenzake Victor Moscoso, aliyesoma Yale kwa mwalimu wa rangi Josef Albers, akaziweka rangi zinazopingana ubavu kwa ubavu, hata macho ya mtazamaji yakaona kama karatasi inatetemeka. Stanley Mouse na Alton Kelley, waliofanya kazi pamoja, wakaokota picha za vitabu vya zamani na nembo za bidhaa, wakazipa maana mpya. Griffin alipofika mwishoni mwa mwaka 1966 akawa wa tano wao, na tangu hapo watano hao wametajwa pamoja.

Watu wazima wa siku zile waliwalaumu kwa neno moja lenye haki ndani yake. Walisema: tangazo lisilosomeka ni tangazo gani? Mfanyabiashara ataka mpita njia alisome jina, siku na bei bila hata kusimama. Hawa wameyaficha mambo hayo kama fumbo. Jibu la lawama hiyo ndilo ufunguo wa historia yote hii. Mpita njia asiyekusudiwa alipita kweli. Lakini kijana aliyekusudiwa alisimama, akasogea karibu, akageuza kichwa, akazifumbua herufi moja moja, na alipomaliza alikuwa amekwisha ingia katika shughuli ile kabla ya kununua tikiti. Ugumu wa maandishi ulikuwa mlango wenye kitasa, na kitasa hicho walikijua wenyewe. Hali hii si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili, watu waliozoea mafumbo katika mashairi, ambapo neno hutolewa hadharani na maana ikawafikia walengwa peke yao.

Griffin alikuwa amekwisha lijua jambo hilo kutoka pwani. Mojawapo ya kazi zake za kwanza huko kaskazini lilikuwa bango la mkutano mkubwa ulioitwa Human Be-In, uliofanyika katika bustani ya Golden Gate tarehe 14 Januari 1967. Juu yake alimchora mwenyeji asilia wa Marekani amepanda farasi na kushika gitaa, na herufi akazipa sura ya matangazo ya magharibi ya kale. Mkutano wenyewe uliitwa kusanyiko la makabila, kwa maana ya kuwaunganisha vijana waliopinga vita na wale waliojitenga na dunia ya wazee wao. Mwito ulikuwa kwa makabila, na mchoraji akatoa sura ya kabila.

Ufundi wake ulitofautiana na wa wenzake. Kwa kuwa alikua katika katuni, mkono wake ulipenda kalamu na wino mweusi. Alichora mistari myembamba iliyosongamana kama ile ya wachongaji wa picha za vitabu wa karne ya 19, hata kitu kikaonekana kina uzito na kivuli kabla ya rangi kutiwa. Uchapaji wa siku hizo ulihitaji kila rangi itengwe kwa karatasi yake: mchoraji alitoa mchoro mweusi, kisha kwa kila rangi akaandaa tabaka la kuonyesha itakapokaa, na mchapaji akazipitisha moja baada ya nyingine katika mashine. Hivyo Griffin na wenzake hawakuiona kazi yao ikiwa na rangi mpaka itoke kiwandani. Mchapaji stadi Levon Mosgofian, aliyechapa mengi ya mabango hayo, alikuwa na sehemu kubwa katika uzuri wake. Nasi tukimsifu mchoraji pekee twafanya dhuluma.

Bango lake linalojulikana zaidi ni lile la dansi za tarehe 1 hadi 4 Februari 1968, lililomtangaza mpiga gitaa Jimi Hendrix pamoja na John Mayall na Albert King. Katikati pana jicho kubwa lenye mishipa ya damu, lina mabawa na mkia kama wa nyoka, linapenya katika duara la moto huku limeshika fuvu la kichwa. Jicho lenye mabawa halikuwa uvumbuzi wake peke yake. Von Dutch, fundi mashuhuri wa kupamba magari, alikuwa ameitumia alama kama hiyo kabla yake, na vijana wa California waliijua. Lakini Griffin aliligeuza kuwa kiumbe cha kutisha kinachomtazama mtazamaji. Mtu akikumbuka ajali iliyoliumiza jicho la mchoraji mwenyewe, ataona kwamba picha hiyo haikutoka katika mzaha mtupu, ingawa yatupasa kujizuia tusigeuze kila kovu la msanii kuwa maelezo ya kila mstari wake.

Mwaka 1969 alichora bango la bendi ya Grateful Dead kwa dansi za Avalon za mwezi wa Januari, na picha hiyohiyo ikawa jalada la sahani yao ya santuri iitwayo *Aoxomoxoa*, jina linalosomwa sawa kutoka kushoto na kutoka kulia. Juu pana jua linalowaka, chini pana fuvu, na katikati alama za mbegu na uzazi, hata mauti na kuzaliwa vikawa mzunguko mmoja. Wapenzi wa bendi hiyo waligundua kwamba herufi za jina lake, jinsi zilivyopindwa, zaweza kusomwa kama sentensi nyingine inayotaja dawa ya kulevya iliyotumiwa sana na vijana wa wakati ule. Hapa fumbo limefikia kilele chake: jina moja lina masomo mawili, moja la dukani na moja la nyumbani.

Je, wachoraji walifaidi nini? Katika biashara hii picha ilikuwa chombo cha kuuzia tikiti, na mara nyingi faida ya kuichapa tena ilimwendea mwandaaji. Mabango yalipoanza kuuzwa kama mapambo, ugomvi ukazuka. Wes Wilson aliachana na Bill Graham mwaka 1967 kwa sababu ya malipo, na katika bango lake la mwisho la kipindi hicho alichora nyoka mwenye alama ya dola kinywani. Mwaka huohuo Griffin na wenzake wakaanzisha shirika lao, Berkeley Bonaparte, ili wachapishe na kuuza kazi zao wenyewe. Mwaka huohuo tena Griffin aliandika herufi za jina la gazeti jipya la muziki, *Rolling Stone*. Ilikuwa rasimu tu, ambayo alitaka kuirekebisha, lakini mhariri aliichukua kama ilivyokuwa, na nakala ya kwanza ikatoka mwezi wa Novemba ikiwa nayo. Hivyo mojawapo ya kazi zake zilizoonwa na watu wengi kabisa duniani ni kazi ambayo yeye mwenyewe hakuihesabu kuwa imekwisha.

Msimu wa dansi zile haukudumu. Family Dog walipoteza Avalon mwishoni mwa mwaka 1968, na Fillmore ya San Francisco ikafungwa mwaka 1971. Griffin alikuwa amekwisha rudi kusini, akakaa San Clemente, karibu na mawimbi yake ya zamani. Huko rafiki yake Severson alikuwa akitengeneza sinema *Pacific Vibrations*, iliyotoka mwaka 1970, na Griffin akaichorea bango. Miaka miwili baadaye alichora bango la *Five Summer Stories*, sinema ya Greg MacGillivray na Jim Freeman, nayo ikawa mojawapo ya sinema za mawimbi zilizopendwa kuliko zote.

Bango la sinema lina sharti jingine. Bango la dansi lilitangaza usiku mmoja au minne, katika ukumbi mmoja, kwa watu wa mji mmoja. Sinema husafiri, bango lake hutangulia mbele yake mji baada ya mji na kubaki mwaka au zaidi, nalo husomwa na wasiomjua mchoraji wala mtengenezaji. Kwa hiyo Griffin alilazimika kulegeza fumbo. Katika mabango ya sinema jina lasomeka upesi zaidi, rangi ni za jua na bahari, na brashi imechukua sehemu ya kazi ya kalamu. Wako wanaosema kwamba hapo nguvu yake ilipungua. Mimi sikubaliani nao. Vijana wa mawimbi walikuwa wametawanyika pwani nzima na hata ng'ambo, na mwito wa kuwafikia ulipaswa kusikika mbali. Anayeita jirani hunong'ona, anayeita ng'ambo ya mto hupaza sauti.

Katika mwaka uleule wa 1970 yalitokea mageuzi makubwa ya maisha yake: Griffin alimwamini Kristo. Hakuwa peke yake. Kusini ya California maelfu ya vijana waliochoshwa na dawa za kulevya walikuwa wakiingia katika uamsho wa dini, wakabatizwa baharini wakiwa na nywele zao ndefu na nguo zao za kihipi, hasa chini ya kanisa la Calvary Chapel la mji wa Costa Mesa. Griffin alilichorea kundi hili majalada ya sahani za nyimbo, likiwamo lile la *Sail On Sailor* la mwaka 1975, na kisha picha za *Injili ya Yohana*, kitabu kilichotolewa mwaka 1980.

Hapo wahakiki wake wamegawanyika. Wengine husema kwamba mwaka 1970 ndio mwisho wa Griffin wa kweli, kwa kuwa mtu aliyechora fuvu na moto amegeuka kuchora wachungaji na wavuvi. Wengine, hasa wa upande wa dini, husema kwamba huo ndio mwanzo wake, na kwamba yaliyotangulia yafaa yasamehewe. Pande zote mbili huyakata maisha ya mtu katika vipande viwili, kila upande ukachukua kipande chake.

Ushahidi wa kazi zenyewe haukubaliani nao. Kwanza, hakuacha kuwachorea wenzake wa zamani: jalada la *Wake of the Flood* la Grateful Dead ni la mwaka 1973, na aliendelea kuwachorea bendi hiyo mpaka miaka yake ya mwisho. Pili, alama zilizomshughulisha katika siku za Fillmore, yaani jicho lionalo, moto usioteketeza, mauti yanayozaa uhai, zilikuwa tangu awali alama za maswali ya dini. Baada ya 1970 alizipa jibu, hakuzibadilisha. Tatu, na hili ndilo zito, mpango wa kazi yake ulibaki uleule. Wapanda mawimbi walikuwa jamaa, wacheza dansi walikuwa jamaa, na waumini waliobatizwa baharini walikuwa jamaa; kila mara alichora akiwa ndani ya jamaa ile, kwa ishara zake, na kila mara kusudi lilikuwa kuwaita waliotawanyika wakusanyike mahali fulani. Hata neno Injili, tukilirudisha katika asili yake, maana yake ni habari njema. Nayo habari njema ni tangazo. Mchoraji hakutoka katika kazi yake alipoingia kanisani.

Maisha yake yalikatika ghafula. Katikati ya mwezi wa Agosti 1991, karibu na mji wa Petaluma, pikipiki yake iligongana na gari lililokata kona mbele yake, naye akarushwa bila kofia ngumu kichwani. Alifariki siku chache baadaye, tarehe 18 Agosti, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka 2007 jumba la sanaa la Laguna, lililo katika pwani ileile alikokulia, lilifanya maonyesho makubwa ya kazi zake, na siku hizi mabango yaliyobandikwa bure kwenye nguzo huuzwa mnadani kwa bei ambayo mnunuzi wa tikiti wa mwaka 1968 asingeisadiki.

Bila shaka yafaa tufurahi kwamba kazi hizo zimehifadhiwa. Lakini kuhifadhiwa nako kuna hasara yake. Bango likiwa ndani ya kioo, watazamaji huanza na picha na mara nyingi huishia hapo. Siku, ukumbi na majina ya wapigaji huonekana kama pambo la pembeni. Mwanahistoria hana budi kuanza upande wa pili. Na asome kwanza tarehe, aulize ukumbi ule ulikuwa wapi na nani waliujaza, ni nani waliolipwa na nani hawakulipwa, ni ishara gani ambayo kijana wa mwaka ule aliitambua kwa kutupa jicho mara moja, ndipo airudie picha. Akifanya hivyo ataona kwamba karatasi ya inchi 22, iliyochapwa ili iishe baada ya siku nne, imehifadhi jambo ambalo hati za serikali na magazeti makubwa ya siku zile hayakulihifadhi: namna watu fulani walivyoitana, na kwa lugha gani.